Weupe Juu ya Udongo Mwekundu

Yapo mabakuli yaliyofinyangwa Nishapur na Samarkand katika karne ya 10, zama za ufalme wa Wasamani, ambayo leo yamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Paris na New York. Mwili wake ni udongo wa kawaida wenye wekundu. Mfinyanzi aliufunika kwa uji wa udongo mweupe, akaandika juu yake khati ya Kikufi kwa rangi nyeusi, kisha akaupaka maji yenye risasi ambayo tanuri iliyageuza kioo. Rangi ile ilichanganywa na udongo makusudi, isije ikatiririka chini ya kioo.

Je, kufunika huko si ghushi? Twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika fungu la nafaka sokoni, akakuta unyevu ndani, akamlaumu muuzaji kwa kutoiweka juu ile iliyorowa ili watu waione. Basi afichaye wekundu kwa weupe ana udhuru gani?

Sisi twaona anao. Muuzaji yule alificha ila, na udongo mwekundu si ila. Mnunuzi alijua kuwa anunua chombo cha udongo, na weupe ule ulifanya kazi ya karatasi: maandishi yapate kusomeka. Nayo yalistahili kusomwa. Bakuli moja lasema kuwa elimu ni chungu mwanzoni, na mwishowe ni tamu kupita asali. Jingine, kuwa kupanga kabla ya kutenda kwaepusha majuto. Tena viko vyombo vya karne ya 11 na ya 12, vilivyofika hata pwani yetu na kufukuliwa Kilwa, Manda na Shanga, ambavyo pambo lake ni kuukwaruza weupe kwa ncha mpaka wekundu utokee. Huyo hakuficha kitu kabisa.

Ghushi twaiona penginepo. Wafinyanzi wengine waliiga sura ya herufi pasipo neno. Alifu na lamu zimesimama kwa adabu, lakini hazisomeki, kwa kuwa hazisemi kitu. Udongo ni safi, weupe ni safi. Uongo umo katika khati, na asiyejua kusoma huridhika nayo.

Hatusemi kuwa usomaji wa Kurani bila kuifahamu hauna thawabu, thawabu iko. Lakini mwalimu anayemweka mtoto chuoni miaka sita asimfunulie maana ya aya moja, na mzazi anayetosheka kwa uzuri wa sauti, na watwambie wamepitana wapi na mfinyanzi yule na mnunuzi wake.