Mechi Moja Tu

Kijana huyu ni wa kusimuliwa tu, kwa hiyo sitampa jina, ingawa wa mfano wake hawakosekani kuanzia Kabwe mpaka Ipogolo. Yuko kidato cha nne Iringa, anakaa kwa shangazi yake Kihesa. Mama yake anauza viazi Uyole. Likizo ilipokwisha alimpa nauli na shilingi 60,000 za madaftari, viatu na michango ya shule. Mfukoni kijana alikuwa na simu aliyopewa na kaka yake, yenye akaunti ya kubeti ya huyo kaka. Yeye ana miaka 17, na sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18.

Basi halijafika Makambako, mkeka ulikuwa tayari: mechi kumi, dau 10,000. Hakuchagua ovyo. Tuseme kila timu yake ilikuwa na nafasi 7 kati ya 10 za kushinda. Usiku tisa zikatiki, ya kumi ikaisha sare, mkeka ukachanika.

"Mechi moja tu!" akamwambia binamu yake. "Kesho natoboa."

Kesho yake aliweka 20,000, keshokutwa 30,000. Shangazi alipouliza madaftari, akasema mama hakumpa hela. Uongo huo unaniuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu mama aliyelala na magunia ya viazi sokoni ndiye aliyesingiziwa.

Sasa tupige hesabu. Matukio yasiyotegemeana yakitakiwa kutokea yote, uwezekano wake huzidishwa. Kwa hiyo 0.7 inazidishwa yenyewe mpaka zitimie kumi, na jibu ni kama 0.028. Katika mikeka 100 ya namna hiyo, takriban 3 tu itatiki. Timu zote ni nzuri. Mkeka wenyewe ni mbovu.

Na ile mechi moja? Mkeka unaweza kuchanwa na timu yoyote kati ya kumi, hivyo tunachukua 10 × 0.3 × 0.7 mara tisa, tunapata kama 0.12. Yaani kati ya mikeka 100, kama 12 itachanika kwa mechi moja tu, mara nne zaidi ya ile itakayoshinda. Kijana alidhani amekaribia. Alichokutana nacho ni jambo la kawaida, na halikuongeza hata chembe kwenye nafasi yake ya kesho.

Hata watu wazima wenye fedha wamenaswa hapo. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti ulitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri ilivyojirudia ndivyo watu walivyomimina fedha kwenye nyekundu, wakiamini sasa ni zamu yake. Gurudumu halina kumbukumbu.

Natamani mwalimu wa kidato cha nne, akishamaliza mifano ya uwezekano ya dadu na mipira ya rangi, aandike ubaoni mkeka wa kweli na kuuliza kampuni ya kubeti inakula wapi. Chukua mechi ya nusu kwa nusu, sare haihesabiwi. Odi ya haki, yaani namba inayozidisha dau ukishinda, ni 2.00; kampuni inaweka, tuseme, 1.85. Kila 1,000 inarudi wastani wa 925. Unganisha mechi kumi za hivyo kwenye mkeka mmoja, na ile 1,000 inarudi wastani wa shilingi 459.