Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 11: Makufuli Mawili



Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinishika mkono pale nje akaniambia: "Ustadhi, mimi Qur'ani hainiingii. Nikifungua msahafu nasinzia. Nikishika simu, usingizi unakimbia mpaka saa nane usiku." Nilimwahidi jibu. Nalileta hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Tuanze na kiumbe aliyemo tumboni mwako sasa hivi. Kuna bakteria anaitwa E. coli, anaishi kwenye utumbo wa binadamu. Mwaka 1941, mjini Paris, mtaalamu Mfaransa Jacques Monod aliandika tasnifu yake kuhusu jinsi bakteria wanavyokua. Akiwapa aina mbili za sukari kwa pamoja, hawazichanganyi. Wanamaliza kwanza ile nyepesi, wanasimama, halafu ndipo wanaanza ya pili.

Mfano unaojulikana zaidi ni glukosi na laktozi, yaani sukari ya kawaida ya mwilini na sukari ya maziwa. Maziwa yapo hapohapo, lakini bakteria hayagusi. Je, hana uwezo? Anao! Jeni za kutengeneza vifaa vya kukata laktozi anazo tangu alipoumbwa, ila zimefungwa kwa makufuli mawili. La kwanza hufunguka laktozi yenyewe ikiwepo. La pili hufunguka glukosi ikiisha na ishara ya njaa ikapanda ndani ya seli. Kazi ya kueleza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa ndiyo iliyompa Monod Tuzo ya Nobel mwaka 1965, pamoja na François Jacob na André Lwoff.

Sasa rudi kwako, ndugu yangu.

*Kwanza:* usiseme "mimi Qur'ani siiwezi." Umeumbwa nayo nafasi yake. Ila sukari nyepesi imejaa: simu, mkeka wa mpira, umbea wa kijiweni. Katika Suratul Qiyaamah, aya ya 20 na 21, Mwenyezi Mungu anatueleza tabia yetu hii: tunapenda cha haraka, tunaiacha Akhera.

*Pili:* njaa peke yake haitoshi. Glukosi ikiisha na maziwa hayapo, bakteria anabaki na njaa tu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba wako wafungaji wasioambulia kitu katika funga yao isipokuwa njaa na kiu. Umefunga simu mchana? Vizuri. Umeweka nini mahali pake?

*Tatu:* kile kisimamo cha katikati. Sukari nyepesi ikiisha, bakteria huacha kukua kwa muda. Ukimtazama utasema amekufa, kumbe ndani anatengeneza vifaa vipya. Wewe uliyeacha kubeti tangu mwezi mosi na unaona siku hazisogei, ibada haina ladha, usirudi nyuma. Uko kwenye kisimamo. Na jihadhari na "kidogo tu", maana bakteria aliyekwisha kuzoea laktozi ukimwongezea glukosi, anaiacha tena laktozi.

Lakini hapa ndipo mfano wangu unapofika mwisho, na ndipo utukufu wako unapoanza.

Bakteria anaacha sukari *ikiisha*. Hana hiari, hana thawabu. Wewe saa tisa alasiri, jua la Kahama limekukausha koo, mtungi umejaa maji ndani, mlango umefungwa, hakuna anayekuona. Na hunywi. Umeiacha *ikiwa ipo*. Hiyo ndiyo saumu, na ndiyo taqwa iliyotajwa katika Al-Baqara aya ya 183.

Basi tujiulize, mbona katika mambo mengine tunaishi kama bakteria? Tunawajua wenzetu, na pengine ni sisi wenyewe: duara likitema, msikitini haonekani. Duara likikauka, huyo safu ya mbele na tasbihi mkononi. Tunampokea, karibu sana, mlango wa toba hauna bawabu. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tuitumie afya kabla ya maradhi na utajiri kabla ya ufukara. Kungoja sukari iishe ni hatari, kwa sababu na umri nao ni sukari. Ukiisha huo, hakuna chakula cha pili cha kuanza nacho.

Nami nimo. Baada ya daku mkono wangu nao hutangulia kwenye simu kabla ya msahafu. Leo nimeiacha chumba cha pili.

*Kazi ya leo:* chagua sukari moja nyepesi uliyonayo. Iweke mbali tangu Alasiri mpaka Magharibi, na mahali pake soma kurasa mbili tu. Ukisinzia, simama usome umesimama. Fanya hivyo siku saba kabla hujasema haiwezekani.

Ewe Mola wetu, utupe nguvu ya kuacha tukiwa nacho, wala usitungoje mpaka tunyang'anywe. Zikubali funga zetu, na uwahifadhi ndugu zetu walio chini ya ardhi wakitafuta riziki ya halali. Aamin.

Tukutane tarawehe, inshaallah. Ukiona lina faida, mtumie na mwenzako.