Mifupa Dhaifu Yataka Mapendo Yenye Akili



Watu wengi hufikiri kwamba ampendaye mgonjwa amekwisha kutimiza wajibu wake. Mama akikesha na mtoto, baba akiuza mbuzi apate dawa, jirani akileta unga, sote twasema: hawa wana mapendo. Na kweli wanayo. Lakini liko swali moja ambalo hatujiulizi mara nyingi: je, mapendo peke yake yanatosha? Mtu aweza kumpenda mgonjwa kwa moyo wote, na papo hapo kumwumiza kwa mikono yake mwenyewe? Ndiyo, aweza. Uko ugonjwa mmoja wa mifupa unaotuonyesha neno hilo waziwazi, kwa maana katika ugonjwa huo hata kumwinua mtoto pasipo kujua kwaweza kumvunja.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Waganga wa hospitali wanauita osteojenezisi imperfekta, ni kusema mfupa usioumbika kwa ukamilifu. Si ugonjwa wa kila nyumba. Katika watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, hupatikana kama mmoja. Lakini Kongo ni nchi ya watu wengi, basi hata huku kwetu hawakosi.

Kusudi tuelewe, tutazame nyumba ya udongo. Fundi husimamisha miti, hufunga fito kwa kamba, kisha hukandika udongo. Udongo huupa ukuta ugumu, lakini fito ndizo zinazoushika usianguke. Mfupa nao ni hivyo. Udongo wake ni kalsiamu. Fito zake ni nyuzi nyembamba za protini iitwayo kolajeni. Kwa mwenye ugonjwa huu, fito ni chache mno, au zimefungwa vibaya. Udongo si ndio wenye kosa. Kwa sababu hiyo, kumlisha mtoto vidonge vingi vya kalsiamu au maganda ya mayai yaliyosagwa hakutamponya: ni kuongeza udongo juu ya ukuta ulioharibika fito.

Dalili zake si sawa kwa wote. Wengine huvunjika mara chache tu katika maisha yao; wengine huzaliwa wamekwisha kuvunjika. Weupe wa macho pengine huwa na rangi ya bluu au kijivu. Meno ya wengine humeguka upesi. Masikio ya wengine hupungua nguvu wakiwa watu wazima. Miguu na uti wa mgongo huweza kupinda, na kimo kikawa kifupi. Mfupa uliovunjika huunga kwa muda wa kawaida, lakini mfupa mpya ni dhaifu kama ule wa kwanza. Na neno hili lishikwe sana: akili yao ni nzima.

2. Nani amekosa?

Tuseme mtoto wa miezi mitatu amevunjika paja wakati wa kuogeshwa. Mara moja ukoo unakusanyika, na swali la kwanza si "tumsaidieje?" bali "nani amefanya hivi?" Mmoja asema mama amempiga au amemwangusha. Mwingine asema upande wa mama una damu mbaya, na baba amrudishe kwao. Wa tatu asema kuna mkono wa mchawi, twende kwa mfumu. Na mtoto akiisha kukua kidogo, mwenye kimo kifupi na miguu iliyopinda, atasemwa yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Hapo yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: sababu na hatia. Sababu ni kile kinachotokeza jambo. Hatia ni ya mtu aliyejua, akataka, akatenda. Mvua kubwa ni sababu ya daraja kuvunjika, lakini hakuna anayeishitaki mvua. Sababu ya ugonjwa huu inajulikana: ni kosa dogo katika mbegu ya urithi inayouamuru mwili namna ya kutengeneza kolajeni. Mara nyingi mzazi mmoja mwenye ugonjwa humpa mtoto, na kila mimba ina nafasi moja katika mbili. Mara nyingine wazazi wote wawili ni wazima kabisa, na kosa hilo limetokea jipya katika mtoto huyu tu. Pia, lakini si mara nyingi, wazazi wote wawili hulichukua bila kuugua, na hapo kila mimba ina nafasi moja katika nne. Je, nani kati yao alijua, akataka, akatenda? Hakuna. Basi sababu ipo, lakini hatia haipo.

Wala si jambo lililoanza kijijini kwetu kwa ugomvi wa shamba. Mtoto mchanga aliyezikwa Misri kama miaka 3,000 iliyopita alikuwa na ugonjwa huu. Mabaki yake yamehifadhiwa katika British Museum kule London. Mwaka 1788 Olof Jakob Ekman wa Uswidi aliandika juu ya ukoo mmoja uliokuwa nao kwa vizazi vitatu. Ugonjwa uliowafikia Wamisri wa kale na Waswidi hauhitaji mchawi wa jirani.

Zaidi ya hayo, sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu kwa kifungo yule anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini tusingoje kuogopa gereza. Ukoo unaomtafuta mwenye hatia hutumia siku zile ambazo mtoto alipaswa kufikishwa hospitali, na fedha zile za safari humwachia mfumu. Ndiyo hasara ya kwanza ya mapendo yasiyo na akili.

3. Je, kumlinda ni kumfungia?

Hasara ya pili ni ngumu zaidi kuitambua, kwa maana yafanana sana na wema. Wazazi wakiisha kujua kwamba mtoto huvunjika, huogopa. Hawamtoi nje. Hasimami, hatambai, haendi shule, hachezi. Humweka kitandani mchana kutwa na kusema: sasa yu salama.

Kumbe sivyo. Mfupa ni kitu chenye uhai. Hupata nguvu kwa kubeba mzigo na kuvutwa na misuli. Mfupa usiotumika hukonda hata kwa mtu mzima wa afya. Basi mtoto aliyefungiwa huzidi kuwa dhaifu, na siku atakapoinuliwa atavunjika upesi kuliko zamani. Kwa sababu hiyo plasta nayo, kwa ugonjwa huu, yafaa iwe nyepesi, isikae kupita muda aliouweka mganga. Woga wa mama umemletea mtoto kile kile alichokiogopa.

Je, tumwache basi apande miembe na kupigana na wenzake? La. Akili ni kutofautisha hatari na hatari. Kuna hatari isiyo na faida, hiyo tuikate. Kuna hatari ndogo yenye faida kubwa, hiyo tuipokee.

Za kukata ni hizi. Usimwinue mtoto mchanga kwa kumshika makwapani, wala usimnyanyue kwa vifundo vya miguu ukimbadilisha nepi. Tia mkono mmoja, vidole vimeenea, chini ya matako, na wa pili nyuma ya kichwa na mabega. Usimkande wala kumnyoosha viungo kama bibi wanavyozoea. Usimfunge mgongoni kwa kitenge kinachobana miguu. Akivunjika, kiungo kisivutwe: kitulizwe kwa ubao mwepesi uliozungushiwa kitambaa, kisha hospitali. Kufunga kwa nguvu huzuia damu, na kiungo kinaweza kuoza.

Za kupokea ni hizi. Acha ajigeuze na kutambaa juu ya mkeka. Acha acheze katika maji ya uvuguvugu huku mtu mzima amemshika, maana maji hubeba uzito wake. Apate jua, ndakala, maharagwe, sombe, na maziwa yakipatikana. Mambo haya hayamponyi, lakini husaidia mfupa alio nao. Lakini asinenepe mno, kwa kuwa uzito ni mzigo juu ya mifupa. Aende shule. Mwalimu amkalishe mbele kwa ajili ya masikio yake, na amruhusu kutoka dakika tano kabla ya wenzake, asije akasukumwa mlangoni. Kuvunjika mfupa ni hasara ya wiki kadhaa. Kukosa shule ni hasara ya maisha yote.

4. Ikiwa hauponi, kutunza ni kwa faida gani?

Mtu mwingine atauliza: mbona tusumbuke, kama ugonjwa wenyewe hauponi? Twajibu: kuponya na kutunza ni kazi mbili. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Kutunza ni kumfanya mtu aishi vema pamoja nao. Ya kwanza waganga hawajaiweza bado. Ya pili inawezekana, na imesonga mbele sana.

Mwaka 1959 Harold Sofield na Edward Millar wa Marekani walieleza namna ya kukata mfupa uliopinda vipande vipande na kuvitunga katika chuma, kama shanga katika uzi. Mwaka 1998 Francis Glorieux na wenzake kule Montreal, Kanada, walitangaza habari za watoto 30 waliotiwa mshipani dawa iitwayo pamidroneti. Ndani ya mfupa wamo wabomoaji na wajenzi. Dawa hii huwapunguza nguvu wabomoaji. Maumivu ya watoto wale yalipungua, na kuvunjika pia. Fito hazikutengenezwa, lakini ukuta ulinenepa. Dawa hiyo haipatikani kila mahali, na mganga peke yake ndiye wa kuipima. Lakini mazoezi ya viungo na vyombo vya kutembelea vinaweza kutafutwa katika vituo vinavyohudumia wenye ulemavu, kama Heri Kwetu ya Bukavu au Shirika la Umoja la Goma. Na kikohozi kikali au homa ya mapafu isingojewe, kwa maana kifua cha wengine ni chembamba.

Tumtazame Michel Petrucciani, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1962 na ugonjwa huu. Hakufikia kimo cha mita moja. Watu walimbeba hadi kwenye piano, na miguu yake haikuweza kufikia pedali mpaka zilipotengenezewa chombo cha pekee. Hakupona hata siku moja. Lakini alipiga piano katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, akasifiwa kuwa mmoja wa wapiga jazi bora wa wakati wake, hata alipofariki New York mwaka 1999. Kama wazazi wake wangaliona vema kumlaza kitandani asivunjike, dunia isingalimsikia. Wala si lazima kila mmoja awe mashuhuri. Yatosha awe fundi cherehani, mwalimu, karani, mwenye kula jasho lake na kusikilizwa katika baraza la ukoo.

Basi, ndugu, ukiwa na mtoto wa namna hii nyumbani au kwa jirani, fanya mambo matatu. Acha kumtafuta mkosaji. Mwulize mganga akueleze ugonjwa hata uuelewe, na umwombe barua yenye jina la ugonjwa, isomwe popote mtakapofika, asije mama akashitakiwa kwamba ampiga mtoto. Tena umwulize mtoto mwenyewe namna anavyotaka kushikwa. Yeye ajua mahali panapomwuma kuliko sisi sote.