Je, Ushindi wa Mwanafunzi ni wa Mwalimu?

Huku kwetu Upare mtoto akishinda, watu huuliza, "Mwalimu wake ni nani?" Akishindwa, hakuna aulizaye. Twataka kulipima neno hili, maana sisi walimu hutegwa nalo.

Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtu wa Ireland, alifika Iten nchini Kenya kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick. Hakuwa amesomea ufundi wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, akakaa nao miaka mingi. Katika waliosoma shule ile, Peter Rono alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 katika mita 1500, na Matthew Birir mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji. Naye David Rudisha, aliyefundishwa na Bruda huyo, alikimbia mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, upesi kuliko mtu yeyote kabla yake.

Basi, ushindi huo ni wa nani? Tukisema ni wa mwalimu, twamnyang'anya kijana jasho lake, maana mwalimu hakukimbia hata hatua moja. Tukisema ni wa kijana peke yake, twamsahau yule aliyemwongoza. Tena, mwalimu akidai sifa ya walioshinda, hana budi kutwaa na lawama ya walioshindwa. Nao ndio wengi.

Wakulima wa milima yetu waijua ndiva. Usiku hupokea maji ya mfereji, na kukipambazuka hufunguliwa, maji yakateremka mashambani. Hakuna avunaye mahindi ndani ya ndiva. Lakini ndiva ikivuja, mahindi hukauka. Tena mwenye zamu hupewa maji yake, udongo wake uwe mwema au mbaya.

Ndivyo tuonavyo kazi ya mwalimu. Mavuno si yake. Yaliyo yake ni kutovuja na kutonyima. Nasi twakiri kosa letu: mara nyingi twamnywesha mtoto mwepesi wa kuelewa, kwa kuwa yeye hutuletea jina, na aliye mzito twamwacha akae nyuma, kimya. Huko ni kumwibia zamu yake.

Labda mtu atasema, "Katika mbio hamna budi kuchagua walio wepesi." Ni kweli, siku ya mashindano huchaguliwa wachache. Lakini darasani hatukupewa wachache, tulipewa wote. Na Mchungaji Mwema hakuhesabu tisini na kenda kuwa yatosha.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mkitaka kumpima mwalimu, msiulize tu ni nani aliyeshinda. Mwulizeni mtoto aliyekuwa wa mwisho kama mwalimu alimwita kwa jina lake, na kama alimngojea mpaka afike.