Chui wa Nyumbani



Hapa Basoko, Aruwimi inapoingia mto Kongo, giza likishuka mama huita watoto ndani. Msitu unanyamaza. Tawi linavunjika. Baba anazima taa: je, ni chui?

Miaka ya 1930, kule Wamba, watu waliogopa hivyo hivyo. Mahakama za Wabelgiji zikawahukumu waanyoto: watu waliovaa ngozi za chui, wakaua kwa kucha za chuma. Mauti ilitoka katika mkono wa mtu.

Leo ugonjwa ukiingia nyumbani, tunamnyoshea mtoto kidole: mlozi! Tunamfukuza usiku. Ndugu, soma Marko 7:21, uchunguze moyo wako. Fungua mlango, mwite mtoto arudi. Chui wa nyumba yako asiwe wewe. Amina.