Mgeni Amenunua Nini?

Kuna swali ambalo kwa muda mrefu nililiona dogo, hata nikadhani halistahili kuchukua nafasi katika jarida la walimu wa Kiswahili. Swali lenyewe ni hili: mtu akitoa fedha zake ili apandishwe farasi na kupitishwa katika milima na vijiji vya watu wengine kwa ajili ya kujifurahisha tu, je, amenunua nini hasa, na ni kipi ambacho hakukinunua? Watakaosema kwamba jambo hili haliwahusu watu wa kwetu, kwa kuwa sisi hatupandi farasi, nawaomba wanivumilie kidogo.

Ni kweli kwamba farasi si mnyama wetu. Mbung'o na maradhi mengine yalimzuia kustawi katika sehemu nyingi za nchi zetu, na wengi wetu tulimjua kwanza katika Biblia na vitabu vya hadithi kabla hatujamwona kwa macho. Hata jina lake tumelipokea kutoka Kiarabu. Waganda wakalifanya embalaasi, Warundi wakasema ifarasi. Basotho wa Lesotho, ambao lugha yao ni ndugu ya lugha zetu (motho wao ndiye mtu wetu, na batho ndio watu), humwita pere, neno litokanalo na perd la Makaburu. Kwa hiyo huku na huko mnyama huyu aliletwa na mgeni, naye akaja na jina lake. Tofauti ni kwamba Basotho walimchukua wakamfanya wao.

Lesotho ndiyo nchi huru ya pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Thabana Ntlenyana kinafika mita 3,482. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, ambaye mwaka 1824 aliweka makao yake juu ya mlima wa Thaba Bosiu na kuzikusanya koo zilizotawanywa na vita, aliishi kuona watu wake wakiwa taifa la wapanda farasi. Serikali ya Koloni la Rasi ya Tumaini Jema ilipotaka kuwanyang'anya bunduki zao, walipigana nayo mwaka 1880 na 1881 wakiwa juu ya farasi hao hao, na Koloni likashindwa kutimiza azma yake. Mwaka 1884 nchi ikarudishwa chini ya utawala wa moja kwa moja wa Uingereza. Miaka michache baadaye, katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902, maelfu ya farasi wa Basotho waliuzwa kwa jeshi la Waingereza, na wengi hawakurudi. Katika nembo ya taifa hilo leo wamo farasi wawili, mmoja kila upande wa ngao. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba mgeni akabidhiwapo hatamu katika nchi ile, hakabidhiwi chombo cha usafiri tu.

Mimi nilikabidhiwa hatamu hizo kwa bahati. Nilikuwa nimekwenda Maseru katika mkutano wa walimu wa lugha, nikabakiza sehemu ya posho yangu, na mwenzangu mmoja akanishawishi tufike Semonkong, maana yake mahali pa moshi. Moshi wenyewe ni mvuke wa maji ya maporomoko ya Maletsunyane, yaangukayo mita 192 ndani ya bonde jembamba. Mwenzangu aliugua tumbo akabaki. Mimi nikalipa safari ya siku tatu nikiwa na kiongozi mmoja, mtu wa makamo, mwenye blanketi lililofungwa kwa pini kubwa begani na maneno machache mdomoni. Nilimwita Ntate, kama ipasavyo kumwita mwanamume huko, naye akaniita vivyo hivyo.

Kuhusu farasi mwenyewe nitasema machache. Alikuwa mfupi, mwenye manyoya mazito, na kwato zake zilijua mawe kuliko macho yangu. Penye mteremko mkali kiongozi aliniamuru niilegeze hatamu nimwachie mnyama achague njia, jambo lililonitisha kupita kiasi, maana mwalimu hajazoea kuachia hatamu. Kila jioni kabla ya kula, kiongozi aliondoa tandiko, akapapasa mgongo wa farasi kwa kiganja kutafuta kidonda. Anayedhani kwamba swali la haki linaanzia kwa binadamu tu angefaa kukitazama kile kiganja.

Nililojifunza hasa lilihusu bendera. Katika vijiji vya Lesotho nyumba yenye kitu cha kuuza huinua kitambaa juu ya mti mrefu: cheupe kikitangaza pombe ya mtama, chekundu nyama, cha kijani mboga. Msafiri akiwa ng'ambo ya bonde hujua yuko wapi atakaponunua na yuko wapi atakapopita kwa salamu tu. Nilipenda sana desturi hiyo. Siku ya kwanza nzima nilikuwa nikizihesabu bendera kama mtoto.

Siku ya pili tulikutana na bibi kizee njiani. Kiongozi alishuka akamsalimu akiwa amesimama chini. Mimi nilibaki juu, kwa sababu ambayo naona haya kuitaja: niliogopa kwamba nikishuka sitaweza kupanda tena. Bibi yule alilazimika kuinua shingo ili anijibu.

Alasiri ya siku hiyo hiyo tukamkuta mvulana mchungaji, wa miaka kama kumi na miwili, amesimama juu ya jabali na kondoo wake wakiwa chini. Alivaa blanketi la kijivu na viatu vya mpira. Nyuma yake milima ilikuwa imepangana, bluu juu ya bluu, na jua lilikuwa limeinama. Nikatoa kamera. Mvulana akageuza uso akavuta blanketi hadi puani. Nikapiga picha hata hivyo, nikapiga na ya pili, kisha nikampa sarafu. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama, akamwuliza kiongozi neno fulani. Tulipokwisha kwenda mbali nikauliza kijana alisema nini. Kiongozi akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa Kiingereza chake cha taratibu: alitaka kujua umenunua nini.

Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya maumivu ya mapaja peke yake.

Nieleze kwa nini. Mimi natoka Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na njia waipitayo watalii waendao msitu wa Bwindi kuwaona gorila, biashara iliyoanza huko mwaka 1993. Magari yao husimama penye kisima chetu. Watoto huteka maji, wageni hupiga picha, pipi hurushwa dirishani, gari huondoka. Mara ngapi nimesimama mbele ya darasa nikawaambia wanafunzi wangu kwamba wao si wanyama wa mbuga, na kwamba uso wa mtu si mandhari! Na mimi huyo huyo, kwa siku mbili tu juu ya tandiko, nilifanya lile lile, tena nikiwa nimeinuka zaidi kuliko dirisha la gari.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hisabati, nilipomsimulia kisa hiki alicheka. Alisema kwamba haya yangu ni anasa ya mtu aliyeshiba. Kwamba sarafu zile zilimfaa kijana kuliko unyenyekevu wangu ambao ungemwacha mikono mitupu. Nakiri kwamba hoja yake ina uzito. Kulikuwa na wakati ambapo zaidi ya wanaume 100,000 wa Lesotho walifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini. Katika miaka ya 1990 ajira hizo zilipungua sana, na watu wakarudi milimani kutafuta namna nyingine ya kuishi. Huko Malealea, kwa mfano, farasi wanaokodishwa wageni ni mali ya wanakijiji wenyewe. Kiongozi wangu aliniambia kwamba karo ya binti yake aliye sekondari hutoka mgongoni mwa farasi niliyempanda. Sisi sote tukikaa nyumbani kwa kuona haya, nani atailipa karo hiyo? Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wanaodai kwamba safari za namna hii ni ukoloni uliorudi kwa mlango wa nyuma, na kwamba mtu mwema hana budi kuzisusia.

Lakini rafiki yangu amekosea mahali pamoja. Farasi alikuwa na bei, na bei hiyo niliambiwa kabla ya kupanda. Siku tatu za kiongozi zilikuwa na bei. Kibanda tulicholala, papa tuliyokula, ambayo ni ugali wetu kabisa, na mboga zake, vyote vilikuwa, kwa namna ya kusema, chini ya bendera. Yule kijana hakuinua bendera. Alifunika uso, na kufunika uso ni jibu kamili katika kila lugha ninayoijua. Nilichukua kwanza, kisha nikatoa fedha. Na fedha itolewayo baada ya kuchukua si bei.

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zamani niliyafundisha maneno hayo mawili kama methali zinazopingana. Sasa naona zinasema jambo moja. Mgeni wa leo hulipa ili asipewe jembe, na pengine hiyo ni haki, kwani jembe langu lisingemfaa mtu huko Semonkong. Walakini jembe lilikuwa na faida ambayo fedha haina: lilimwinamisha mgeni, akawa kimo kimoja na mwenyeji, akaonekana naye jinsi anavyotoka jasho. Mtu aliye juu ya farasi, mwenye kamera, huona asionekane vizuri.

Neno letu mtalii lina asili ya Kiarabu inayohusu kusoma na kuyapitia maandishi. Nalipenda neno hilo, kwa kuwa linampa msafiri heshima ya msomaji. Lakini sisi walimu twawajua wasomaji: yuko asomaye, na yuko afunuaye kurasa akitafuta picha.

Picha zile mbili ninazo hadi leo. Ya pili ni nzuri mno. Milima imetokea yote, na juu ya ukingo wa blanketi yanaonekana macho tu. Muhula uliopita nilikuwa nafundisha insha ya wasifu, na kwa kukosa kielelezo kingine nikaibandika ubaoni, nikawaagiza wanafunzi wa kidato cha pili waeleze wanachokiona. Wakaanza kuandika. Baada ya muda msichana mmoja wa nyuma akainua mkono akauliza mtu huyu anaitwa nani, ili aanzie hapo.

Nikamwambia aendelee na milima.