Je, Asiyeona Hana Hatia?

Katika machimbo ya shaba ya Kolwezi yako magari ya kubebea mawe ambayo gurudumu lake moja hupita kimo cha mtu. Yapo makubwa zaidi ulimwenguni: BelAZ 75710, lililotoka Belarusi mwaka 2013, hubeba tani 450. Dereva hukaa juu sana. Aliye karibu na magurudumu hamwoni kabisa. Basi, akimkanyaga, ana hatia? Wengi hujibu: hana, maana hakuona. Jibu hilo ni jepesi mno. Dereva ajua tangu asubuhi kwamba haoni. Ndiyo sababu apaswa kupiga honi kabla ya kuondoka, na kungoja kidogo. Asipofanya hivyo, amechagua kutojua. Na msimamizi amwambiaye, "Harakisha, usingoje"? Yeye hakushika usukani. Tumhesabie nini?